Kuacha Kazi Kabla Haijaisha: Mwongozo Kamili wa Pumziko la Sabato kwa Mkristo

Jioni moja nilikuwa na madaftari 63 ya wanafunzi mezani. Nilikuwa nimesahihisha 19. Jua lilikuwa linazama, na nilikuwa nimemwahidi Mungu kwamba likizama tu ninaacha. Nikakaa na kalamu nyekundu mkononi, nikiyatazama yale 44 yaliyobaki. Nilitegemea kupata amani, nikapata hofu. Nitayamaliza lini? Wataniona mwalimu wa namna gani? Mwishowe nikachukua kitambaa cha meza, nikayafunika yote, yaliyosahihishwa na yasiyosahihishwa, nikaondoka chumbani.

Usiku ule sikulala vizuri. Lakini ndiyo Sabato yangu ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeenda ibadani kila wiki tangu utoto.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya Mkristo wa namna ile: anayeabudu kila wiki na hapumziki kamwe. Tutaanza na maana, kwa sababu desturi isiyo na maana huwa mzigo upesi sana. Kisha tutakwenda hatua kwa hatua.

Neno lenyewe linasema nini

Neno la Kiebrania *shabbat* limetokana na kitenzi chenye maana ya kuacha, kukoma. Mtu anaweza kulala mchana kutwa na asiwe ameacha chochote: mwili uko kitandani, akili iko kazini. Mwanzo 2:1-3 inasema Mungu aliacha kazi yake siku ya saba, akaibariki siku hiyo na kuitakasa. Hakuwa amechoka, Isaya 40:28 inasema wazi kwamba hachoki. Aliacha kwa kuwa kazi ilikuwa imekamilika na ilikuwa njema sana.

Sasa mtazame mwanadamu. Aliumbwa siku ya sita. Siku yake nzima ya kwanza duniani ilikuwa siku ya pumziko, kabla hajapalilia hata tuta moja la bustani. Hakuwa na kitu chochote alichokuwa amemaliza. Aliingia kupumzika katika kazi ya mwingine. Kwa hiyo ukisema utapumzika ukimaliza, umeipindua Sabato. Kazi yetu haina mwisho. Tunaiacha kwa sababu kazi ya Mungu imekamilika.

Kutoka 31:17 inaongeza kwamba Mungu alipumzika, na kitenzi cha Kiebrania pale kina undugu na neno *nefesh*, yaani nafsi, uhai. Ni kama kurudisha pumzi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapa, maana kupumzika, kupumua na pumzi ni ndugu wa nyumba moja. Kitenzi hicho kinatokea mara tatu tu katika Agano la Kale. Mara moja kwa Mungu. Mara moja kwa Daudi na watu wake, walipofika wamechoka hoi wakimkimbia Absalomu (2 Samweli 16:14). Na mara moja, katika Kutoka 23:12, kwa mwana wa mjakazi na mgeni. Neno alilotumiwa Muumba wa mbingu na nchi ndilo alilotumiwa mtoto wa mtumishi wa ndani. Shika hilo, tutalirudia kwenye hatua ya nne.

Amri ya Sabato imetolewa mara mbili, na sababu zake hazifanani. Kutoka 20:11 inataja uumbaji. Kumbukumbu la Torati 5:15 inataja utumwa: kumbuka kwamba ulikuwa mtumwa Misri, na Bwana akakutoa. Musa na Haruni walipomwendea Farao, alilalamika kwamba wanawapumzisha watu waache mizigo yao (Kutoka 5:5), na Kiebrania kinatumia pale mzizi ule ule wa Sabato. Siku hiyo hiyo akaagiza watu wasipewe tena majani ya kufanyia matofali, lakini hesabu ya matofali isipungue hata moja. Watu hao walikuwa wamepimwa kwa matofali kwa vizazi. Sabato ilipowafikia jangwani, ilikuwa habari ngeni kabisa: kuna siku ambayo hakuna atakayekuuliza umefyatua mangapi.

Mimi matofali yangu yalikuwa madaftari. Wewe unayajua yako.

Yesu aliitumiaje

Luka 4:16 inasema kuingia sinagogi siku ya Sabato ilikuwa desturi yake. Hakuidharau. Ugomvi wake na baadhi ya walimu ulihusu nani anamtumikia nani. Mapokeo ya Kiyahudi yalipanga kazi zilizokatazwa katika mafungu 39, kama yanavyoorodheshwa katika Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo hayo uliokamilishwa karibu na mwaka 200. Nia haikuwa mbaya, kwa kuwa mtu akitaka kutii anataka kujua mpaka uko wapi. Shida huja pale mpaka unapothaminiwa kuliko mtu ambaye mpaka uliwekwa kumlinda, na shida hiyo tunayo Wakristo pia, tena kwa wingi.

Soma Luka 13:10-17 polepole. Mwanamke amepinda mgongo miaka 18. Kwa miaka 18 amekuwa akiona vumbi na nyayo za watu. Hakuomba chochote siku ile. Yesu ndiye aliyemwona, akamwita, akaweka mikono juu yake, naye akanyooka. Mkuu wa sinagogi akakasirika, akawaambia watu kwamba siku za kazi ni sita, waje kuponywa katika hizo. Yesu akamjibu kwa habari ya zizi: kila mmoja wenu humfungua ng'ombe wake siku ya Sabato akamnyweshe maji, je, huyu binti wa Ibrahimu asifunguliwe? Kumbe Sabato ni siku ya kufungua. Ndiyo maana Yesu alisema, "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato" (Marko 2:27).

Jambo jingine. Mwaliko wa Mathayo 11:28, ule wa wenye kulemewa na mizigo waje kwake wapumzishwe, unafuatwa mara moja na visa viwili vya Sabato katika sura ya 12. Sura ziliwekwa baadaye sana. Mathayo hakusimama pale. Ukisoma bila kusimama utaona kwamba pumziko lililoahidiwa na siku inayogombewa ni habari moja, na katikati yake yuko mtu, Yesu mwenyewe.

Jumamosi au Jumapili?

Kwanza tuondoe utata wa majina. Jumamosi ina "mosi" ndani yake na Jumapili ina "pili", kwa sababu hesabu hiyo inaanza baada ya Ijumaa. Biblia inaanza kuhesabu na Jumapili, hivyo siku ya saba ni Jumamosi. (Alhamisi imetoka kwenye "tano" ya Kiarabu, kwa hesabu inayoanza Jumapili pia. Ndiyo maana Kiswahili kina siku mbili za tano zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi.)

Wakristo wa mwanzo walikusanyika siku ya kwanza ya juma, siku ya ufufuo. Tazama Matendo 20:7. Katikati ya karne ya 2 Justin Martyr, mwandishi Mkristo, akiandika Roma, anaeleza mkutano wa siku hiyo. Mwaka 321 Konstantino, mfalme wa Roma, aliifanya Jumapili kuwa siku ya mapumziko kwa mahakimu, mafundi na wakazi wa mijini, akawaruhusu wakulima kuendelea na shamba. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia lina historia yake: mwaka 1450, chini ya mfalme Zara Yaqob, mtaguso (mkutano wa viongozi wa kanisa) wa Debre Mitmaq ulikubali kuheshimu Jumamosi na Jumapili zote mbili. Wabaptisti wa Siku ya Saba walitokea Uingereza katika karne ya 17, na Waadventista Wasabato walijiunda rasmi mwaka 1863 huko Battle Creek, Marekani.

Najua suala hili limegawa familia na ndoa. Sitalimaliza hapa, na sidhani kwamba mtu anayeshika siku iliyo sahihi machoni pake huku akimdharau ndugu yake amepumzika. Warumi 14:5-6 inataka kila mmoja athibitike katika akili yake na aiadhimishe siku kwa Bwana. Fuata dhamiri yako na kanisa lako. Hatua zifuatazo zinafaa siku yoyote kati ya hizo.

Hatua ya 1: Weka mpaka wa saa, uandike

Chukua saa 24. Kama huwezi, chukua 12. Kama hizo nazo huwezi, anza na jioni moja. Kosa kubwa ni kuacha mpaka bila kuutaja, ukisema tu "nitapumzika wikiendi". Siku isiyo na mlango haina pa kuingilia.

Ninapendekeza jioni hadi jioni, kama Walawi 23:32 inavyosema kuhusu Siku ya Upatanisho. Kuna hekima ndani yake: siku inaanza kwa kulala. Unaingia katika pumziko ukiwa huna cha kufanya isipokuwa kufumba macho, na Mungu anaendelea na kazi yake wakati wewe umelala. Ukiianza asubuhi, kishawishi cha kuijaza ni kikubwa.

Mfanyakazi wa zamu, kama muuguzi, mlinzi au dereva, hana siku moja isiyobadilika. Asijihukumu. Aangalie ratiba yake ya mwezi ikitoka tu, aweke alama kwenye siku zake za kuacha kabla wengine hawajaziomba, na awaambie mchungaji na watu wa nyumbani kwake.

Hatua ya 2: Ijue kazi yako kwa jina

Kazi ya mmoja ni burudani ya mwingine. Anayekaa ofisini juma zima anaweza kupumzika akichimba bustani, mkulima hawezi. Kaa na karatasi ujiulize: ni nini kinachonifanya nihesabu? Ni nini nikikigusa nitaanza kufikiria pesa, sifa au lawama? Ni nini nikikiacha ninaingiwa na hofu?

Swali la mwisho ndilo zito. Kile unachoogopa kukiacha kwa siku moja kimekwisha kukuzidi nguvu. Amosi 8:5 inawataja wafanyabiashara waliokuwa wakiuliza Sabato itaisha lini wauze nafaka, wapunguze kipimo na kuongeza bei. Walikuwa wamefunga duka, lakini mioyo yao ilikuwa kwenye mizani. Nimekaa kanisani hivyo mara nyingi, wimbo mdomoni na orodha ya Jumatatu kichwani.

Andika vitu vitatu au vinne. Visizidi hapo, la sivyo utaanza kuandika Mishna yako mwenyewe.

Hatua ya 3: Siku ya Maandalio

Injili zina jina la siku inayotangulia Sabato: Maandalio (Marko 15:42). Bila siku hiyo, Sabato itakuwa ya watu wenye wasaidizi tu.

Kielelezo ni mana, katika Kutoka 16. Siku tano kila mtu aliokota ya siku moja, na aliyeweka akiba aliikuta asubuhi ina funza na inanuka. Siku ya sita waliokota maradufu, wakaipika na kuiweka, na asubuhi ya Sabato haikuoza. Wachache walitoka siku ya saba kutafuta, wakakuta hakuna kitu. Angalia kwamba yote haya yalitokea kabla ya Sinai, kabla Amri Kumi hazijatolewa. Mungu aliwafundisha kupumzika kwa tumbo kwanza, kisha kwa amri.

Kwa vitendo, siku hiyo fanya haya: nunua mahitaji, pika kinachoweza kulala, nyoosha nguo za ibada, lipa unayepaswa kumlipa, jibu ujumbe ambao usipojibiwa utakusumbua. Halafu fanya jambo moja zaidi ambalo watu husahau: kama umegombana na mtu, mtafute. Chuki haiheshimu saa ya jua kuzama. Nimewahi kuingia Sabato nyumba ikiwa inang'aa na mimi na mwenzangu hatusemeshani, na ile siku nzima ilikuwa ndefu kuliko siku ya kazi.

Ukifika saa ya mpaka na maandalizi hayajaisha, acha. Kula kilichopo.

Hatua ya 4: Wapumzishe walio chini yako

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu Sabato nyingi huharibikia hapa na mwenyewe hajui.

Soma orodha ya Kumbukumbu la Torati 5:14: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe, punda, mgeni. Kisha sababu: ili mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe. Amri haikumwambia mwenye nyumba apumzike tu. Ilimpa jukumu la pumziko la kila aliye chini ya dari yake. Baba anayekaa sebuleni na Biblia huku mkewe amesimama jikoni tangu alfajiri hajashika Sabato. Amehamisha kazi tu. Na mama anayepumzika kwa sababu mfanyakazi wa ndani anafua, anapika na kubeba mtoto, naye aulize swali hilo hilo: je, huyu binti ana siku ya kurudisha pumzi? Mwana wa mjakazi alitajwa kwa neno alilotajwa nalo Mungu.

Kwa hiyo, kabla ya Sabato ya kwanza, ita kikao kifupi nyumbani. Muulize kila mtu, hata mtoto: siku hiyo ni kazi gani ungependa usiifanye? Gawaneni yasiyoepukika. Mume achukue vyombo. Watoto wakubwa wawashike wadogo. Mwenye mfanyakazi ampe siku yake kamili kila juma, kwa mshahara ule ule, na asimwite kwa simu. Mwenye biashara aangalie kama kufunga kwake ni kufunga kweli, au yeye yuko ibadani na vijana wake wako dukani.

Mama mwenye mtoto mchanga hana saa 24 za kuacha. Labda ana saa tatu, na hizo atazipata mtu mwingine akizilinda. Baba, hilo ni lako. Hali ni hiyo hiyo kwa anayemuuguza mzazi kitandani: ndugu wengine wapokezane naye, hata mchana mmoja, badala ya kumtumia aya za faraja.

Na kuna yule anayekula alichokipata leo. Usimwambie tu aache kazi kwa imani. Kanisa linaloitaka Sabato liko tayari kumjazia pengo la siku hiyo? Katika Israeli Sabato ilikuwa imefungamana na mwaka wa saba wa kupumzisha ardhi, ambapo kilichoota chenyewe kililiwa na maskini (Kutoka 23:11), na kufuta madeni (Kumbukumbu la Torati 15). Ilikuwa amri ya jamii nzima.

Tena, pumziko lina nguvu likiwa la pamoja. Mwaka 1929 Umoja wa Kisovyeti ulifuta juma la siku saba, ukawagawa wafanyakazi katika makundi, kila kundi na siku yake ya mapumziko, ili mashine zisisimame. Mume alipumzika siku hii, mke siku ile. Mapumziko yalikuwepo, lakini nyumba haikukutana. Mpango huo ulibadilishwabadilishwa, na mwaka 1940 juma la siku saba likarudi. Jaribuni kuwa na saa ambazo nyote mmeacha kwa wakati mmoja.

Hatua ya 5: Funika kazi

Mwili unahitaji tendo la kuuambia kwamba siku imebadilika. Mimi bado natumia kitambaa kile. Fundi anaweza kuweka vifaa sandukuni na kufunga kufuli. Mwenye kompyuta aizime kabisa na kuiweka kabatini. Usiiache imesinzia mezani.

Ukishafunika, taja mbele za Mungu yasiyokwisha, kwa majina. Mimi husema hivi: "Bwana, madaftari 44, barua moja, deni moja. Ni yako mpaka kesho jioni." Kisha someni Zaburi ya 92. Kichwa chake kinasema ni wimbo wa siku ya Sabato, na aya ya 4 inashangilia kazi za mikono ya Mungu. Kwa siku moja unatazama mikono mingine isiyo yako.

Ukihitaji wa kuwaiga, waige wanawake wa Luka 23:55-56. Walikuwa wameliona kaburi na jinsi mwili wa Yesu ulivyowekwa. Walirudi wakatayarisha manukato na marhamu. Jua likazama. Kazi iliyobaki ilikuwa ya upendo mtupu, kumpaka mpendwa wao aliyezikwa haraka haraka, nao wakaiacha na kustarehe siku ya Sabato kama ilivyoamriwa. Fikiria ile siku ilivyokuwa ndefu, manukato yamewekwa kando na machozi hayajakauka. Alfajiri ya siku ya kwanza wakayabeba kwenda kuimaliza kazi yao, wakakuta jiwe limeviringishwa.

Hatua ya 6: Simu

Fupi tu. Zima taarifa zote za kazi na makundi yote, yakiwemo ya kanisa. Mpe mtu mmoja au wawili namba ya dharura. Weka simu kwenye droo, na chaja ikae chumba kingine. Saa mbili za kwanza mkono utaitafuta wenyewe, vumilia. Ukikumbuka jambo la kazi, liandike kwenye karatasi na ufunge karatasi. Utalikuta.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Isaya 58:13 inaiita Sabato siku ya kufurahia. Isijazwe makatazo.

Lala. Eliya alipotamani kufa chini ya mti wa mretemu, malaika hakumhubiria. Alimlisha, akamwacha alale, akamlisha tena (1 Wafalme 19:4-8). Kuna waumini wanaojiona wamepoteza imani, kumbe wana deni la usingizi la miaka. (Uchovu usioisha hata baada ya kupumzika vya kutosha, au huzuni inayoendelea majuma mengi, inaweza kuwa ugonjwa. Nenda kwa daktari, na usimwache mtu akuambie huo ni upungufu wa maombi.)

Abudu pamoja na wengine. Kuleni polepole na mtu asiye na wa kula naye. Tembeeni bila kwenda mahali. Soma Neno bila kuandaa somo. Hili kwa mwalimu na mhubiri ni gumu kuliko linavyosikika. Mtembelee mgonjwa, kwa maana Yesu alipenda kuitumia siku hii kuponya, lakini usijaze mchana wote ziara mpaka urudi umechoka. Wape watoto jambo moja ambalo hufanyika siku hiyo tu, hadithi ndefu au mchezo na wazazi. Mtoto ataikumbuka Sabato kwa hilo kuliko kwa yote aliyokatazwa.

Hatua ya 8: Kama wewe ni mtumishi kanisani

Yesu alitaja kwamba makuhani hufanya kazi hekaluni siku ya Sabato wala hawana hatia (Mathayo 12:5). Lakini kutokuwa na hatia si sawa na kuwa umepumzika. Mchungaji, kiongozi wa kwaya, mwalimu wa watoto, fundi wa vipaza sauti: mnahitaji siku nyingine, na wazee wa kanisa wanapaswa kuijua na kuilinda. Yesu aliwaita mitume waliokuwa wametoka kuhubiri, wasio na nafasi hata ya kula, waende faraghani wakapumzike kidogo (Marko 6:31). Mikutano ya kamati iondolewe siku ya ibada. Nimeona waumini wakitoka ibadani saa sita na kurudi nyumbani usiku, wamekaa vikao vitatu, na wote tunaliita hilo pumziko.

Hatua ya 9: Sabato ikivunjika

Itavunjika. Mtoto ataugua, bomba litapasuka, mwenye shida atabisha hodi. Luka 14:5 inasema ng'ombe akitumbukia kisimani mtoe mara moja, na usijilaumu. Ila kama anatumbukia kila juma, kumbuka sheria ya Kutoka 21:33-34: anayeacha shimo wazi hulipa mnyama aliyeanguka humo. Dharura inayojirudia kila Sabato ni shimo ambalo hatujalifunika siku za kazi. Tafuta ni lipi.

Na ukivunja kwa uzembe, rudi juma linalofuata. Waebrania 4:9 inasema imesalia raha ya Sabato kwa watu wa Mungu, na aya inayofuata inaeleza kwamba aliyeingia katika raha hiyo amepumzika na kazi zake kama Mungu alivyopumzika na zake. Raha hiyo Kristo ndiye aliyeifungua, haishikiliwi na ukamilifu wa siku yako. Siku moja katika saba ni mazoezi ya kuiingia, na anayefanya mazoezi huanguka.

Hatua ya 10: Kutoka

Usiiache siku imalizikie kwenye simu bila kujua. Jua likizama, kusanyikeni dakika chache. Kila mmoja ataje kitu kimoja alichokipokea siku hiyo. Mshukuruni Mungu kwa kilichofanyika bila nyinyi tangu jana. Ombeeni kazi ya juma, maana kazi nayo ilitolewa Edeni kabla ya dhambi.

Kisha ondoa kitambaa. Yale madaftari 44 nilitegemea kuyakuta yamekuwa mlima. Yalikuwa 44 vilevile. Nikavuta la juu, nikasoma jina la mtoto, na kwa mara ya kwanza muhula ule nilikumbuka sura yake kabla ya kutazama alama zake.